Vitufe Vitatu kwa Mkono Mmoja

Nyinyi wasichana mnaoshuka Kona ya Musa na vyeti vya kompyuta mmevitia kwenye bahasha za plastiki visilowe, mkitafuta hoteli ya kuwaandika kazi, haya nawaandikia nyinyi. Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba, mtoto mmoja wa miaka mitatu na mwengine ananyonya, na mvi sina hata moja. Lakini nilikaa miaka minne katika ofisi ya kuwekea wageni vyumba, kwenye hoteli moja kubwa ya Diani, na miaka minne ile ilitosha. Nimetoka na sirudi. Hasira nimetoka nayo, kwa hivyo mtanistahamilia.

La kwanza ninalotaka mlijue ni hili: dhanieni. Mama zenu wamewafunza kwamba kumdhania mtu vibaya ni dhambi, na wamewafunza vyema. Harusini msimdhanie mtu, wala matangani. Lakini mkikaa mbele ya kompyuta yenye paswadi, dhanieni. Ila dhanieni kwa akili, maana mimi nilidhania kwa ujinga, na kwa ujinga wangu mwanamke mmoja karibu atolewe kazini kama taka.

Basi nianze na huo ujinga, msije mkafikiri najisifu.

Siku moja niko kwenye simu na wakala wa Nairobi, anasema na kusema, nami vidole vimetulia juu ya kibodi namsubiri amalize. Kidole changu kidogo cha kulia kilikuwa kimelalia kile kitufe cha Shift. Mara kompyuta ikalia mlio ambao sijapata kuusikia. Nikaweka simu chini, nikaanza kuandika, hakuna herufi. Nikagonga kwa nguvu, hakuna. Nikishikilia herufi moja kwa muda, ndipo inapojitokeza, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajua nimefanyiwa. Na aliyenifanyia nikamjua papo hapo: Mutua.

Mutua alikuwa fundi wetu wa kompyuta. Ni Mkamba, wazazi wake walipata shamba la serikali kule Shimba Hills miaka mingi nyuma, wakalima machungwa, naye akazaliwa huko huko. Kuzaliwa Kwale hakukumfunza kuamkia. Akiingia ofisini ni "sasa", akitoka ni "haya". Hata kwa wazee. Asubuhi ile alikuwa ameishika kompyuta yangu, na kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Nikaenda kwa meneja nikasema fundi ameniharibia mashine kwa kusudi. Bwana Bakari, naibu wa mapokezi, alikuwepo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema dada yetu hasemi uongo, na huyu fundi adabu hana.

Mutua akaitwa. Akashikilia kile kitufe cha Shift cha kulia sekunde nane, mashine ikalia, ikapona.

"Hii imewekwa ya watu wenye mkono inatetemeka," akasema. "Ukishikilia hapa muda mrefu, mashine inajua wewe ni mgonjwa, inaanza kupuuza ile kugusa haraka haraka. Mkono yako inatetemeka, sista?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikakaa wiki mbili simsemeshi. Nyinyi mkipatwa na hilo, na mtapatwa, msiende kwa meneja. Shikilieni Shift ya kulia, hesabuni hadi nane, na muombe Mungu awape aibu ndogo kuliko yangu.

Kidole kulala juu ya kibodi nilifunzwa na Bi Mwanahamisi. Huyu ndiye aliyenifunza kazi. Cheti changu nilikipata kwenye chuo cha chumba kimoja pale Ukunda, na hotelini kilinisaidia siku ya kwanza tu, nilipokionyesha. Kazi yenyewe nilipewa na yeye. Alikuwa mtu wa Msambweni, aliingia hotelini akiwa msichana, akawekwa kwenye simu, zile za kuchomeka nyaya. Mgeni akipiga kutoka Ulaya, yeye ndiye aliyelisoma jina lake herufi moja moja ili mwenzake aandike. Kutoka simu akaenda taipureta, kutoka taipureta akaja kompyuta. Lakini mdomo ulibaki kwenye simu. Kila alichokiandika alikitamka herufi kwa herufi, chini ya pumzi, kama mtu anayevuta uradi baada ya sala. Alinifunza kwamba jina la mgeni ni amana, ukilikosea umemkosea na mamake aliyempa. Alinifunza kutofunga kitabu cha vyumba kabla ya kukisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kutoka juu kwenda chini jicho linajidanganya.

Mwaka wa tisini na saba, mfungo haujaisha, akapooza upande wa kulia. Alikaa miezi mitano nyumbani. Alirudi anatembea, anasema vizuri, lakini mkono wa kulia umekufa, ameuning'iniza kwenye ncha ya leso aliyoifunga shingoni. Akikupa karatasi kwa mkono wa kushoto alikuwa akiomba radhi kila mara, "niwie radhi kwa mkono huu," mpaka nikamwambia akiniomba radhi tena nitazichana hizo karatasi. Na kwa kidole kimoja kimoja cha mkono ule wa kushoto aliandika haraka kuliko mimi na kumi vyangu.

Kitu kimoja tu kilimshinda: mlango.

Kompyuta tulizoletewa wakati yuko mgonjwa hazikukubali kukuuliza jina wala paswadi mpaka ubonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, Control, Alt na Delete, na vyote viwe chini kwa wakati mmoja. Control na Alt ziko kushoto, Delete iko kulia kule. Mtasema na upande wa kulia ziko Control na Alt nyengine. Ziko, lakini kiganja chake kilikuwa kidogo, na vidole havikutanuka kufika. Nilimkuta siku moja anajaribu kwa kidevu. Nilitoka nje nikalie.

Bwana Bakari akajitolea. Naomba mumwone vizuri huyu mtu. Mtu wa Munje, miaka thelathini na tano hivi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Kila asubuhi alikuja ofisini kwetu kabla hajaanza zamu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anainama, anabonyeza vitufe vitatu, halafu anageuka kabisa, uso ukutani, kama mwanamume muungwana anavyogeuka mwanamke akijifunga leso upya. Bi Mwanahamisi anaandika paswadi yake. Akimaliza, Bakari anamwombea siku njema, anaondoka. Sisi sote tulimpenda. Mimi nilimwambia mume wangu, wanaume wa kuolewa nao ni wale.

Miezi miwili baadaye wageni wakaanza kupotea.

Si wao wenyewe, vyumba vyao. Familia inatoka uwanja wa ndege na mabegi na watoto wamechoka, wanafika mapokezi, hawamo. Chumba kiliwekwa, kisha kikafutwa. Na kompyuta zile ziliandika kila jambo kwa jina la aliyeingia, si siku wala mashine, na jina lililofuta lilikuwa la Bi Mwanahamisi. Wageni wakipiga kelele, Bwana Bakari alikuwa pale kuwatuliza. Shemeji yake ana nyumba za kukodisha kule Galu, safi, karibu na pwani, gari lipo. Wakaenda Galu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini dawa inakuwa tayari kabla ya ugonjwa.

Meneja akampa Bi Mwanahamisi barua ya onyo. Wageni wengine wakapotea, akampa ya pili. Akasema kwa upole, maana alikuwa anamheshimu, kwamba labda maradhi yameacha kitu kichwani. Barua ya tatu sote tuliijua: ya tatu ni kwenda nyumbani. Alibakisha chini ya miaka miwili amalize utumishi wake. Akitolewa kabla, haki zake za kustaafu zinakwenda, na matibabu ya ule mkono yaliyokuwa yakilipwa na kazi yanakwenda.

Lakini lililonitia hasira si hilo. Tulikuwa tunakunywa chai mimi naye. Akaniambia, "Pengine ni mimi, mwanangu. Pengine nafuta na sijui kuwa nafuta. Huu mkono ulikufa nao haukuniaga."

Mwanamke aliyesoma kitabu cha vyumba kutoka chini kwenda juu miaka yote ile, ameanza kujiogopa mwenyewe. Nikaapa nitamjua anayefuta.

Sasa sikieni jinsi nilivyojua, maana ni jambo dogo na nyinyi mtalihitaji. Kompyuta zile, ukitoka, jina lako hubaki kwenye kisanduku cha mlangoni, kile kinachouliza jina na paswadi. Anayekuja nyuma yako analiona jina la aliyetangulia. Siku za Jumatano Bi Mwanahamisi haji kazini, anakwenda kunyooshwa mkono hospitali. Jumatano moja alasiri nikaenda mapokezi kuomba karatasi. Hapakuwa na mtu kaunta. Nikabonyeza vile vitufe vitatu kwa udadisi, nikachungulia skrini. Kwenye kisanduku cha mlangoni pameandikwa Mwanahamisi.

Hajapata kukaa kwenye kompyuta ya mapokezi hata siku moja. Na siku ile yuko Msambweni, mkono wake umeshikwa na daktari.

Je, nilimdhania nani? Mutua. Nacheka sasa, kicheko cha kujidharau. Nikamfuata stoo anakowekea nyaya zake, nikafunga mlango, nikamwambia mwizi ni yeye, anazishika mashine zote, paswadi za watu anazijua, na bibi mgonjwa ndiye aliyemchagua kwa kuwa hana mkono wa kumrudi. Nilisema mengi, na mengine si ya kuandikwa na mama wa watoto.

Akaningoja nimalize.

"Sista, mimi niko na jina kubwa ya mashine zote," akasema. "Nikitaka kufuta chumba sihitaji jina ya mama yeyote. Naingia na yangu, nafuta, halafu nafuta mpaka alama ya mguu. Mwenye anaazima jina ya yule mama ni mtu hana jina kubwa. Na ni mtu anamsikia."

"Anamsikia vipi?"

"Wewe unakaa na yeye siku mzima. Hujasikia vile anaandika? Paswadi anaitamka kama mtu anaomba."

Nilikaa juu ya boksi la nyaya. Miaka yote nimeusikia ule uradi wake, na masikio yangu yameuzoea hata hayausikii tena. Na yule muungwana wa Munje, kila asubuhi, uso ukutani. Aligeuza uso. Masikio hakuyaziba.

Nikamwomba Mutua radhi. Akasema ni sawa, amezoea. Neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Mtaniuliza kwa nini hatukumwambia Bi Mwanahamisi aache kutamka. Tulimwambia. Alifumba mdomo, na mkono wa kushoto ukasimama juu ya kibodi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Amekwenda na sauti miaka mingi mno. Basi amkatae Bakari? Utamkataaje anayekuja na shikamoo na kuinama? Ukimkataa bila ushahidi, mwenye adabu mbovu ni wewe. Na ukishamkataa, nani atakubonyezea? Mimi? Basi na mimi nitakuwa nasimama pale pale anaposimama mwizi. Alichohitaji ni kufungua mlango peke yake, pasiwe na mtu karibu hata mwema.

Mutua akasema dawa imo ndani ya mashine yenyewe, tangu ilipotoka kiwandani. Kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba mwenye kuitumia ana mkono mmoja. Ukiiambia, vile vitufe havitaki tena kushikwa pamoja. Unagusa Control, unaachia, kinabaki kimejishika chenyewe. Unagusa Alt, unaachia. Unagusa Delete. Kompyuta inahesabu umevibonyeza vyote kwa wakati mmoja, na inatoa kamlio kadogo kila unapogusa.

Tukaiweka siku ile ile, tukafurahi, na tulikuwa tumekosea. Tuliiweka baada ya Bi Mwanahamisi kuingia, ndani ya mipango yake mwenyewe. Akafanya kazi nayo kutwa. Asubuhi ya pili akafika mlangoni, akagusa Control, akaachia, kimya. Ni kama tumemtilia taa chumbani na giza liko barazani. Mipango ya mtu huanza baada ya mtu kuingia. Pale mlangoni kompyuta haijamjua nani ni nani, na ina mipango yake, ya mtu asiye na jina. Mutua akakuna kichwa siku mbili. Ya tatu akaingia kwa lile jina lake kubwa, akashuka chini kwenye orodha za ndani ambako mtu wa kawaida hakatazwi kwenda ila anaogopa, akaliandika jambo la mkono mmoja pale panapomhusu huyo asiye na jina. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Kumbukeni, wasichana: kabla ya kumpangia mtu ndani, jaribuni mlangoni, tena kwa kuizima na kuiwasha, na mwenye shida awe amekaa yeye kwenye kiti. Msijaribu kwa mikono yenu miwili mkasema imekubali.

Bi Mwanahamisi akakaa. Akagusa, akaachia. Akagusa, akaachia. Akagusa. Kisanduku kikafunguka. Alijifuta uso kwa ile ncha ya leso inayobeba mkono.

Akabadilisha paswadi tukiwa nje. Nasi hatukumwambia mtu.

Asubuhi Bakari akaja na shikamoo yake. Bi Mwanahamisi akaitikia marahaba, akamwambia Mungu amlipe, leo amekwisha ingia. Bakari akaitazama kibodi, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akatabasamu. Mimi nikamwuliza mkewe hajambo.

Mutua alikuwa ameongeza jambo moja: atakayekosea paswadi mara tatu, jina lile linajifunga, na linaandikwa limefungwa kwenye mashine gani. Tukangoja. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Hata Jumatano, hakuna. Alhamisi, saa tisa alasiri, Bi Mwanahamisi amekaa mkabala nami anamenya chungwa kwa meno na mkono mmoja, Mutua akatia kichwa mlangoni.

"Jina yako imefungwa, mama. Saa hii. Mapokezi."

Nikamkimbilia meneja, nikamwambia aje tu, asiniulize. Tukafika kaunta wanne. Bakari amesimama, amekwisha ondoa mikono kwenye kibodi, anasema mashine hii leo inasumbua. Kwenye skrini lipo jina la Mwanahamisi, na chini yake maneno ya kwamba limefungwa. Wageni walikuwepo, kwa hivyo Bi Mwanahamisi hakupandisha sauti.

"Bakari mwanangu," akasema, "umebisha mlangoni kwangu mara tatu. Nimekuja kukufungulia. Wataka nini?"

Akageuka, uso ukutani, kama alivyozoea.

Sasa hasira yangu ndiyo hii. Bakari hakufukuzwa. Aliandika mwenyewe kwamba anaacha kazi kwa sababu za kifamilia, akafanyiwa chai ya kuagwa, na mahamri. Bi Mwanahamisi zile barua mbili zilitolewa kwenye faili yake, bila mtu kumwambia samahani. Na mimi nikapewa barua ya onyo, kwa kushika mipango ya kompyuta bila idhini. Mutua naye yake. Yangu niliitia mkobani pamoja na nepi, na nilipopata mimba ya pili wakaniuliza nikijifungua nitarudi lini, nikawaambia wangoje.

Ningeishia hapo, ila mwezi jana nililetewa salamu Gazi, nyumbani kwetu. Bi Mwanahamisi ananiita. Kwa hofu ya mwaka elfu mbili, ati kompyuta zote duniani zitaingiwa na wazimu tarehe ikigeuka, hoteli imeleta mashine mpya. Na mashine mpya haimjui mwenye mkono mmoja. Amebakisha miezi mitatu.

Nikaenda na mtoto kiunoni. Nikamkuta Bi Mwanahamisi kitini, na kando yake msichana mgeni kazini, mmoja wenu, mzuri, ana haya, ameinama. "Shikamoo bibi, nikubonyezee?" Damu ilinipanda kichwani. Yule msichana hakunikosea chochote, na huenda ana moyo safi kuliko wangu. Nikampa mtoto amshike, mikono yake ipate kazi nyengine.

Mutua alikuwepo, anakimbia na mashine ishirini, amesahau hii moja. Akamwambia Bi Mwanahamisi, "Shikamoo, mama," nikamtazama bibi, naye akainua nyusi kama asemaye, amejifunza. Mutua akaingia kwa jina lake kubwa, akaniachia kiti. Nikaandika mwenyewe, pale pale panapomhusu asiye na jina. Nikazima, nikawasha, nikampisha mwenyewe akae.

Control, akaachia. Alt, akaachia. Delete. Kisanduku kikafunguka, cheupe, kinangoja.

Bi Mwanahamisi akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, tokeni," akasema.

Mutua akatoka. Msichana akatoka na mtoto wangu. Mimi nikabaki nimesimama nyuma ya kiti, nikiona ni haki yangu.

"Nawe pia, mwanangu."

Wallahi nilishikwa na hasira, hatua mbili hivi, kutoka kwenye kiti hadi mlangoni. Kisha nikaufunga mlango nyuma yangu, nikausukuma kwa bega kuhakikisha umeshika, nikaenda kusimama mbali, mwisho wa ukumbi, mahali ambapo hata uradi haufiki.